Maswali Yenu: Msitu wa Arabuko-Sokoke na Ndege Wake

Toleo lililopita tuliweka picha ya bundi wawili wadogo wamekaa bega kwa bega ndani ya kichaka huko Sokoke, na tokea siku ile maswali hayajakatika, ya Nairobi, ya Malindi, ya Tanga mpaka Maskati. Kwa hio safari hii ukurasa wote tunaupa huo msitu mmoja. Maswali mengine nimeyaunganisha maana watu wengi wameuliza jambo lilelile.

SWALI: Habari za kazi. Sisi tuko Nairobi, mwezi wa nane tunashuka Watamu na watoto watatu, na kila mwaka ni bichi tu, kuogelea, kula samaki, tunarudi. Nataka mwaka huu wauone huo msitu na hao ndege mnaosema wanakaribia kuisha. Tunafikaje, twende saa ngapi, na je watoto wadogo wataweza ama watachoka tu? – Baba Neema

JIBU: Nzuri sana Baba Neema, na karibuni Pwani. Kufika ni rahisi, tena watu wengi wanaupita huo msitu kila siku na hawajui. Ukitoka Mombasa kwenda Malindi, ukishaiacha Kilifi, yale miti unayoyaona mkono wa kushoto dakika nyingi bila kuisha ndio Arabuko-Sokoke wenyewe. Kituo cha wageni kiko kando ya lami, mwendo mdogo tu kabla hujafika njia panda ya Gede ile ya kuingilia Watamu. Kama mko kwenye matatu mwambieni makanga awashushe kituo cha msitu, na kama mshafika Watamu basi tuktuk inawapeleka bila shida. Viingilio vinabadilika kwa hio sitaki kuwaandikia bei ambayo kesho si yenyewe, lakini jueni malipo ya serikali siku hizi yanapitia simu, msije na simu haina chaji.

Sasa msitu wenyewe. Ni kama kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Misitu ya namna hii zamani ilifuata pwani kutoka Somalia hadi Msumbiji, leo vimebaki vipande vipande, na ndege waliozoea kuishi humo hawana pa kuhamia, hawawezi kusema tutaenda kukaa kwenye minazi na mikorosho ya watu. Ndio maana msitu mmoja unakuwa na ndege zaidi ya aina 230, na kati yao wako sita ambao dunia nzima inawafuatilia kwa wasiwasi: bundi mdogo wa Sokoke, mnana wa Clarke, chozi wa Amani, kipimanjia wa Sokoke, akalati wa pwani, na mkesha madoa.

Kitu ambacho wageni wengi hawakijui ni kwamba ukiwa ndani, huo si msitu mmoja, ni mitatu. Upande wa mashariki karibu na barabara ni msitu mchanganyiko, miti ya kila aina, mchanga wa kijivu, giza kidogo. Katikati kuna ukanda wa mirihi, miti mirefu iliyo mbalimbali na mchanga mweupe pepepe, hapo kuna mwanga na ndio pazuri zaidi kwa mtu anaeanza kutazama ndege maana unaona. Alafu magharibi udongo unageuka mwekundu na unaingia kwenye vichaka vizito vya miti ambayo wataalamu wanaiita Cynometra. Kila ndege na mtaa wake. Chozi wa Amani humtafuti kwenye vichaka vyekundu, yuko juu kabisa kwenye mirihi, na bundi mdogo humtafuti kwenye mirihi. Kwa hio mtu akizunguka karibu na geti saa moja, akatoka akasema "sijaona kitu", mimi namuamini kabisa, alikuwa mtaa sio.

Saa ya kwenda ni asubuhi, na nikisema asubuhi sio saa tatu baada ya chai ya hoteli, ni saa kumi na mbili mko getini. Kwenye mirihi ndege wadogo wanatembea kwa makundi mchanganyiko, aina nyingi pamoja, wanapita mti mmoja hadi mwengine wanaokota wadudu, mnaweza kukaa kimya muda mrefu hamuoni hata unyoya mara ghafla mti mzima juu yenu unajaa ndege kwa dakika chache kisha wanasonga. Jua likishakuwa kali wananyamaza. Mwezi wa nane ni wakati mzuri kwa sababu kusi bado linavuma, hakuna joto la kuchosha watoto, na mkesha madoa huwa yuko, yeye ni mgeni wa kusi, anakuja kutoka upande wa kusini kuanzia kama mwezi wa nne na kuondoka karibu mwezi wa kumi. Anapenda sakafu ya msitu yenye majani makavu, anatembea kidogo anasimama, anatembea anasimama. Huyu hata kwenye magofu ya Gede anaonekana, kwa hio siku mkienda kuonyesha watoto mji wa kale (ambao tangu 2024 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na unastahili) muangalie pia chini kwenye majani, sio kuta peke yake.

Watoto wataweza. Nakwambia watakaowateka sio ndege hata, ni sengi. Huyu ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, nyuma kwenye kiuno ana rangi ya dhahabu inayong'aa kama imepakwa, anakimbia kwenye majani makavu unamsikia kabla hujamuona. Aina hii hapatikani popote duniani isipokuwa misitu ya pwani ya Kenya, na Sokoke ndio ngome yake kuu. Wavalisheni suruali ndefu na viatu vya kufunika, siafu na kupe wapo, maji mengi, na rangi za nguo ziwe za kimyakimya, sio nyekundu na nyeupe. Na lazima, lazima mchukue muongozaji wa pale pale kituoni. Humo ndani mna ndovu, na kwenye kichaka kizito ndovu unaweza kumkaribia bila kumuona.

SWALI: Shikamoo. Mimi nimeolewa Malindi, nimependa sana ile picha ya bundi wadogo nataka niende nikawaone na mume wangu yuko tayari ila mama mkwe amekataa katakata, anasema bundi ni nuksi, ukimfuata kwake unaleta msiba nyumbani. Sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje, na kwani huyo bundi anaonekana kweli mchana? – Bi Arusi wa Barani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili la mama sitalichezea maana nimekulia humuhumu Pwani na najua bundi akilia juu ya paa usiku, nyumba nzima inaamka, kuna atakaesoma dua na kuna atakaetupa jiwe. Mama hajalibuni, amelirithi. Lakini kaa nae vizuri, siku ametulia, umueleze kitu kimoja ambacho nadhani kitamsaidia: bundi anaelia juu ya mapaa yetu sio huyu. Yule wa mapaani ni mkubwa, uso mweupe, anafuata panya wa maghalani (na panya wanaomaliza mahindi yetu tunawajua). Bundi mdogo wa Sokoke hatoki msituni. Hajawahi kuja kwa mtu. Anakula wadudu, panzi na nyenje na mende wa porini, anazaliwa kwenye kichaka na kufa kwenye kichaka, hata watu waliozaliwa vijiji vya pembeni mwa msitu wengi hawajawahi kumtia machoni.

Wataalamu wenyewe walichelewa kumjua. Ndege wengi wa Afrika Mashariki walishaandikwa vitabuni miaka mingi, huyu amekuja kuandikwa 1966. Urefu wake ni sentimita 16 au 17 tu, anaenea kwenye kiganja. Na rangi zao ni za ajabu, wako wa kijivu, wako wa kahawia, wako wekundu wa kutu kama ule udongo wa magharibi mwa msitu, wote ni aina moja, na dume na jike wanaweza kuwa rangi tofauti wamekaa tawi moja. Ile picha yetu iliwachanganya watu wengi kwa sababu hio, kuna walioandika kusema ni aina mbili. Hapana, ni mtu na mkewe.

Kuonekana mchana, ndio anaonekana, lakini sio wewe utakaemuona. Ni muongozaji. Usiku na alfajiri bundi hawa wanaitana, sauti fupi fupi zinazofuatana tonk-tonk-tonk, na waongozaji wazuri wanajua kila jozi ina eneo lake, kwa hio wanajua waanzie kichaka gani. Mchana jozi inalala imesimama kwenye matawi ya chini chini ndani ya kichaka cha Cynometra, imeshikana, macho kama mstari. Muongozaji anaingia peke yake kwanza, anatambaa, anazunguka, nyie mnasubiri kwenye gari au njiani, inaweza kuwa dakika kumi inaweza kuwa saa nzima, kisha anakuja kuwaita kwa mkono bila kusema neno. Hapo mnaingia mmoja mmoja. Usitumie flashi. Usitingishe tawi ili afumbue macho upate picha nzuri, kuna watu wanafanya hivo na inaniuma sana, maana ukimrusha mchana anakwenda kwenye mwanga ambako mwewe wapo macho na yeye yuko usingizini. Mkae dakika chache, mtoke.

Na kama mama bado hataki, msiende kwa kificho. Mpeleke yeye Mida kwanza, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, mkatazame ndege wa ufukoni, hao hawana nuksi kwa mtu yeyote, kisha mazungumzo yataendelea yenyewe.

SWALI: Mambo vipi, mimi ni mwanafunzi wa chuo na nimeanza kupenda ndege mwaka huu. Kwa simu nina programu yenye sauti za ndege wote, na nimeona video watu wanapiga sauti ndege anakuja mpaka karibu kabisa. Sokoke inaruhusiwa? – Kijana wa Mtwapa

JIBU: Poa sana, na karibu kwenye kazi hii maana vijana wanahitajika mno. Kuhusu sauti nakuomba uiache simu mfukoni, na ntakwambia kwa nini ili usione ni ukali wa bure.

Ndege akisikia sauti ya mwenzake wa aina yake ndani ya eneo lake haelewi kwamba ni spika, anaelewa kuna mwengine amekuja kumnyang'anya makao. Anaacha kula, anaacha mayai, anaacha kulisha makinda, anakuja kupigana na kitu ambacho hakipo, na wewe ukishaondoka yeye bado yuko kwenye wasiwasi anazunguka. Ingekuwa ni ndege wa kila mahali pengine asingedhurika sana kwa mara moja. Lakini hapa tunazungumzia ndege ambao wageni wote wanakuja kuwatafuta haohao, njia zilezile, asubuhi zilezile. Leo umepiga wewe, kesho kundi la wazungu, keshokutwa mwengine, jozi moja inaweza kusumbuliwa msimu mzima mpaka ikahama au ikashindwa kulea. Mtu mmoja mmoja haoni ubaya wake kwa sababu kila mmoja anaondoka na picha yake.

Tumia hio programu vizuri: usiku kabla ya kwenda, vaa hedifoni, sikiliza sauti za hao sita mpaka uzijue, kisha ingia msituni na masikio yako. Akalati wa pwani kwa mfano ni ndege mdogo wa kujificha, kifua rangi ya chungwa, utamsikia mara nyingi zaidi kuliko kumuona na ukishaijua sauti yake unajua yuko wapi, unakaa chini, unasubiri, anatokea mwenyewe. Darubini ya bei nafuu inakutosha kuanzia. Na uandike daftari: tarehe, saa, mahali, umeona nini, wangapi. Daftari za watu wa kawaida zimesaidia sana kujua ndege gani wanapungua.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Malindi niko Maskati kikazi. Nikiwa mdogo wazee walikuwa wakisema kuna ndege wa kwetu tu hapatikani dunia nzima, sasa nasikia ni mnana wa Clarke. Ntakuwa nyumbani likizo ya mwezi wa kwanza, ntampata Sokoke? – Abu Salim

JIBU: Waaleikum salaam Abu Salim. Wazee walisema kweli. Mnana wa Clarke hayupo Tanzania, hayupo Somalia, hayupo hata Kwale, ni wa kaunti ya Kilifi peke yake, msitu wa Arabuko-Sokoke na nyika ya Dakatcha kaskazini ya mto Sabaki, basi. Dume kichwa na mgongo ni mweusi na tumbo la manjano, jike ana manjano na kijani zaidi. Sio kama minana wale wa kelele wanaoning'iniza viota kwenye minazi ya nyumbani, huyu anakaa juu sana kwenye mirihi kwa makundi, anapekua majani na magome akitafuta wadudu.

Hadithi yake ndio inanifanya nimpende. Aliandikwa vitabuni 1913, na kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Mia. Walikuwa wanamuona Sokoke kisha kuna miezi anapotea kabisa, na viota havionekani kwenye miti. Mwaka 2013 ndio viota vikapatikana, Dakatcha, na sio kwenye miti, ni kwenye majani marefu ya kinamasi kinachojaa maji mvua ikinyesha! Watu walikuwa wameinua shingo wanatazama juu na kiota kiko chini majini.

Na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu Sokoke ina geti na askari na ua lakini Dakatcha kwa sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, na misitu yake imeliwa na makaa na mashamba ya mananasi, kuna wakati mpaka walitaka kufyeka eneo kubwa kupanda mbono wa kutengenezea mafuta ya magari, wakazi na watu wa mazingira wakapinga mpaka ikasimama. Ukilinda Sokoke peke yake umemlindia chumba cha kulala na kumuachia kitanda cha uzazi barabarani. Shirika la Nature Kenya pamoja na wenyeji wa Dakatcha wanaendelea kununua na kutunza vipande vya ardhi huko, na kama uko nje na una uwezo wa kuchangia chochote, mimi ningekwambia changia huko.

Mwezi wa kwanza unaweza kumpata kwenye mirihi, ila sikuahidi, makundi yake yanazunguka sana. Lakini kuna kitu naweza kukuahidi karibu. Nenda Mida, maji yakiwa yanatoka, simama kwenye lile daraja la mbao la mikoko. Utaona ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama wa kuvunjia kitu, wanakamata kaa. Hao wanazaliana huko mliko, visiwa na fukwe za Oman na Ghuba, wanachimba mashimo kwenye mchanga kutaga, kisha wanakuja kwetu kukaa kipindi cha kaskazi. Utakuwa umesafiri njia yao.

SWALI: Nyie mnaandika tu njooni muone ndege. Sisi tunaokaa ukingoni mwa huo msitu ndio tunaojua. Ndovu wakitoka wanakula mahindi ya mwaka mzima usiku mmoja, ukikata mti unashikwa, mtoto akitega sungura anashikwa. Watalii wanapita na magari yao. Sisi tunapata nini? – Mkulima wa Sokoke

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuandika, na barua yako nimeiweka yote kama ulivoandika kwa sababu kila anaepanga kuja kutembea huko anatakiwa aisome kabla ya kupanda gari.

Sitakwambia kwamba mambo ni mazuri. Ua wa umeme umesaidia lakini ua ukikatika sehemu moja ndovu wanaijua kabla ya fundi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mazao yakiharibiwa mwenye shamba alipwe fidia, na najua watu waliojaza fomu wakasubiri mpaka wakachoka. Hata hivyo usiache kuripoti. Ripoti siku hiohio, piga picha za shamba na nyayo zenye tarehe, hakikisha unapewa nakala ya fomu na nambari, maana shamba lisiloripotiwa kwenye hesabu za serikali halijaliwa.

Lakini kusema hampati kitu, hapo tutakaa tuzungumze. Kuna mradi wa Kipepeo pale Gede, ulianza 1993. Wakulima wa pembezoni wanapewa mayai ya vipepeo waliotoka msituni, wanapanda miti ya chakula chao nyumbani, wanalea viwavi mpaka wanakuwa pupa (kiwavi aliyejifunga kwenye ganda kabla hajawa kipepeo), mradi unawanunua na kuwasafirisha Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Biashara hio haiwezi kuhamishwa, msitu ukiisha mama vipepeo wameisha. Kuna mfuko wa karo wa ASSETS chini ya shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya tangu 2001, unasaidia watoto wa shule za pembeni mwa msitu kulipa karo ya sekondari, na sehemu ya pesa zake ndio hizo wageni wanazolipa kupita kwenye daraja la Mida. Kuna asali. Na waongozaji wenyewe ni vijana wa vijiji vyenu, wapo waliokuwa wakitega wanyama zamani, na leo mtu anatoka Uholanzi anamlipa huyo aliyekuwa mtegaji kwa sababu hakuna anaekijua kichaka kama yeye.

Je inatosha kwa familia zote zinazouzunguka huo msitu? Haitoshi, hata kidogo. Waliopata kazi ni wachache na walioliwa mahindi ni wengi, na mimi nadhani huu ndio mjadala wenyewe wa kulinda hawa ndege, sio darubini. Jiungeni kwenye chama cha msitu cha jamii cha eneo lenu kama hamjajiunga, sheria ya misitu ya 2005 ndio iliyowapa wananchi nafasi ya kukaa meza moja na serikali kuhusu usimamizi wa misitu, pamoja na haki za kuokota kuni zilizokauka kwa kibali, na viti vile vikikaliwa na watu wasiolima ukingoni basi yatapangwa mambo yasiyowahusu nyinyi.

Na kwa wasomaji wanaotembelea, hapa nawaambia nyinyi sasa. Muongozaji akikupa bei yake usimbane mpaka ashuke nusu. Chakula kula Gede, nunua maembe na asali kwa kina mama barabarani, usije na kila kitu kwenye kibuyu cha barafu kutoka supamaketi ya mjini. Ukilipia daraja la Mida usilalamike, umelipia karo.

SWALI: Nataka kununua vinyago vya kupeleka kwa wageni wangu Ujerumani, nimeambiwa nikinunua naumaliza msitu. Kweli? – Rehema, Kilifi

JIBU: Inategemea mti, Rehema. Muhugu ndio mti uliopendwa na wachongaji kwa miaka mingi, mgumu, unanukia vizuri, na unakua polepole sana, na Sokoke umeibiwa muhugu mwingi kwa ajili ya vinyago. Uliza duka ni mti gani. Ukiambiwa mwarobaini au mwembe, nunua kwa raha zako, hio inapandwa majumbani na inaota upesi. Muuzaji akishindwa kukujibu, nenda kwa mwengine.

SWALI: Sisi watu wa Tanga hamtutaji kabisa, kwani huyo chozi wa Amani si jina la kwetu? – Mzee wa Muheza

JIBU: Shikamoo mzee, na ni kweli kabisa, Amani hio ni ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, na chozi mwenyewe yupo huko. Tena na bundi mdogo tunaemuita wa Sokoke, 1992 alipatikana kwenye misitu ya chini ya milima hiohio ya Usambara, kwa hio ni ndege wa nchi mbili. Na nyinyi mnae mmoja ambae sisi hatuna, shonabulu mwenye mdomo mrefu, kindege kidogo cha kijivu, kinachokaa kwenye mapengo ya mwanga ndani ya msitu wa Amani, nacho kiko kwenye hatari kubwa, kwani nje ya Usambara kinajulikana mlima mmoja tu kaskazini mwa Msumbiji. Hifadhi ya Amani inapokea wageni, kuna pa kulala, na usiku huko ni baridi kuliko watu wa Pwani tunavyodhania, kwa hio sweta. Kama kuna msomaji wa Muheza au Amani anaeongoza wageni, atuandikie kabla ya toleo lijalo, ukurasa unaofuata tunawapa nyinyi.